Penta 3 asilimia 113 kwenye kata moja: tunakosea wapi?

Mdau_Mufindi

Wakuu, habari za kazi. Kikundi chetu kinaandaa taarifa ya hali ya afya na maisha ya kata moja huku Mufindi, mkoani Iringa, isomwe kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata. Tunazo namba za Sensa ya 2022, takwimu za MTUHA (mfumo wa taarifa za vituo vya afya) za mwaka mzima kutoka zahanati tatu, na majedwali ya TDHS (utafiti wa kitaifa wa afya kwa sampuli ya kaya) ya 2022. Tumekwama sehemu tatu:

Penta 3, yaani dozi ya tatu ya chanjo ya penta kwa watoto, inatoka 113% ya walengwa. TDHS inasema udumavu Iringa ni 57%, ila kliniki zetu watoto wenye uzito pungufu ni wa kuhesabu kwa vidole. Halafu wenzetu wa Mbeya wakilinganisha 2012 na 2022, watu wa mkoa wao wanaonekana wamepungua. Tuandike nini?

Rejista_Saba

Mkuu, hiyo 113 usiifute, wala usiishushe kimyakimya iwe 100. Anza na walengwa, yaani watoto wanaopaswa kuchanjwa. Nadhani mmechukua jumla ya watu wa kata mkazidisha kwa uwiano wa watoto wa chini ya mwaka mmoja wa halmashauri nzima. Tuseme kata ina watu 14,200 na uwiano ni 2.7%: walengwa 383. Zahanati zimeandika dozi 433, basi 433 ÷ 383 ni 113%. Hesabu haina kosa. Swali ni hao 50 wa ziada wanalala wapi.

Mara nyingi zahanati iko kando ya barabara kuu au karibu na gulio. Mama wa kata ya jirani anakuja siku ya gulio, mtoto anachanjwa hapo, anahesabiwa hapo. Ongeza vibarua wa chai na misitu wanaohama kwa msimu: Sensa iliwahesabu pale walipolala usiku wa kuamkia 23 Agosti 2022, si pale walipo mwezi Machi.

Dawa ni mbili. Ombeni zahanati zihesabu upya kwa safu ya makazi kwenye rejista ya watoto, mtenganishe wa kata na wa nje. Kama hilo ni zito, unganisheni kata zinazotumia zahanati hizo ziwe eneo moja, na walengwa wajumlishwe vivyo hivyo.

Pia tumieni kipimo kisichohitaji walengwa kabisa: walioanza penta 1 wasifike penta 3. Kama penta 1 ni 458 na penta 3 ni 433, walioachia njiani ni 25 ÷ 458, yaani 5.5%. Ikizidi 10% kuna tatizo la ufuatiliaji. Ikitoka hasi, penta 3 kuwa nyingi kuliko penta 1, hapo rudini kwenye daftari kabla ya kuandika neno lolote.

Na kabla ya yote hayo, hesabuni ripoti. Zahanati 3 kwa miezi 12 ni ripoti 36. Zikiwepo 33 mmekamilisha 92%, semeni hivyo juu ya jedwali. Mwezi usio na ripoti unaachwa wazi. Ukiandika 0 umesema hakuna mtoto aliyechanjwa. Malaria nayo ina mtego wake: wagonjwa "wakishuka" ghafla, ulizeni kwanza kama vipimo vya haraka vya malaria (mRDT) vilikuwepo mwezi huo.

Mizani_na_Rula

Kuhusu udumavu: mnalinganisha vitu viwili. Udumavu ni urefu kwa umri, chini ya −2 SD, yaani mtoto ni mfupi mno kuliko kipimo cha kawaida cha umri wake. Kliniki kwa kawaida inapima uzito. Mtoto mfupi kwa umri wake anaweza kuwa na uzito unaoendana na ufupi huo, kadi ikabaki kwenye kijani. Ndiyo maana mkoa unaolisha wengine mahindi na viazi unaongoza kwa udumavu nchini (taifa ni 30%) na mizani haipigi kelele. Tena wanaofika kliniki baada ya kumaliza chanjo ni wachache, na si lazima wafanane na waliobaki nyumbani.

Halafu 57% ni ya mkoa. TDHS ilichukua maeneo 629 ya kuhesabia nchi nzima. Ukigawa kwa mikoa, Iringa inabaki na machache. Haishuki hadi wilaya, sembuse kata. Andikeni "mkoa wa Iringa, TDHS 2022", mweke na mipaka ya makosa ya sampuli iliyo kwenye kiambatisho cha ripoti. Msiizidishe na watoto wa kata kupata "idadi ya wadumavu".

Uyole_Juu

La Mbeya ni jepesi. Songwe ilimegwa 2016. Ile 2,707,410 ya 2012 ni Mbeya pamoja na Songwe. Mbeya ya mipaka ya leo ilikuwa 1,708,548, na 2022 ikawa 2,343,754. Ni ongezeko la kama 3.2% kwa mwaka. Jumlisheni halmashauri kwa mipaka ya sasa, msichukue jina la mkoa tu. Kata nazo humegwa, kagueni.

Mdau_Mufindi

Asanteni sana wakuu. La mwisho: faili la GPS la TDHS, lenye nukta za maeneo yaliyohojiwa, tuliweke kwenye ramani ya kata? Na VVU?

Mizani_na_Rula

Ramani ya kata, hapana. Nukta zile zimesogezwa makusudi kulinda waliohojiwa: mjini hadi km 2, vijijini hadi km 5, na chache hadi km 10. Nukta inaweza kuangukia kata isiyo yake.

VVU chukueni utafiti wa 2022-23, watu wa miaka 15 na zaidi: Njombe 12.7%, Iringa 11.1%, Mbeya 9.6%, taifa 4.4%. Asilimia ya waliokutwa na maambukizi zahanati si kiwango cha jamii, maana wanaopimwa huchaguliwa kwa hatari waliyonayo.

Na kwenye jedwali la kijiji, namba yoyote chini ya 5 andikeni "<5". Ficheni na namba nyingine moja ya safu hiyo, la sivyo mtu atatoa kwenye jumla na kuipata. Kitongoji chenye mgonjwa mmoja kila mtu anamjua.

Rejista_Saba

Maji ombeni RUWASA (wakala wa maji vijijini) wilaya orodha ya vituo vya kuchotea, mkiangalia vinavyotoa maji na si vilivyojengwa. Takwimu za zahanati moja moja pitisheni barua kwa Mkurugenzi, nakala kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, mkitaja viashiria na miezi. Barua ya "takwimu zote" huwa inalala mezani.