Wifi kagoma kumpeleka mtoto kliniki kisa Mpox, naomba ushauri

Wakuu habari za saa hizi, nipo Ujiji hapa Kigoma. Wifi yangu ana mtoto wa mwaka na miezi nane, tangu Mpox itangazwe nchini 2025 hataki kabisa kusikia habari za kliniki, anasema pale benchi la wagonjwa wa nje watu wamebanana, nusu wametoka ng'ambo ya ziwa na hujui nani kaja na nini. Ya surua ya miezi 9 alichoma, ya miezi 18 imepita hivi hivi, kadi ipo tu kabatini.

Kinachoniumiza zaidi ni homa. Mtoto akichemka anakimbilia duka la dawa, panadol na dawa ya mseto bila kipimo, na huku kwetu malaria tunaijua jamani, haina utani na watoto.

Nimemkumbusha kipindi cha korona, WHO na UNICEF walisema watoto kama milioni 23 duniani walikosa chanjo za msingi 2020, hajali, anasema hayo ya Ulaya (sijui nani kamwambia Ulaya tu).

Sasa manesi na wenye uzoefu naombeni mnisaidie, hiyo surua ya pili akienda sasa hivi atachomwa au watamrudisha? Na kuna saa ambayo foleni inakuwa ndogo, au chanjo za mkoba zinazokuja mtaani zinatosha? Kaka yangu yuko mwaloni muda wote, ukimwambia anajibu ongeeni wenyewe.