Kwa nini wateja wanaliacha dumu lenye nafuu?

Mtengeneza Sabuni, Arua

Waungwana, nawasalimu. Ninatengeneza sabuni ya maji hapa Arua, Uganda, na kuiuza katika kibanda kidogo karibu na soko kuu. Chupa ya nusu lita naiuza shilingi 1,500, na dumu la lita tano shilingi 11,000. Akipiga hesabu, mtu ataona kwamba anayenunua chupa hulipa shilingi 3,000 kwa kila lita, ilhali anayechukua dumu hulipa 2,200 tu. Mwanzoni mwa mwaka niliiandika tofauti hiyo kwa rangi nyekundu ubaoni, nikajaza madumu arobaini, nikangoja. Mpaka leo yametoka tisa, na manne kati ya hayo yalichukuliwa na mfanyabiashara mmoja wa Ariwara, ng'ambo ya mpaka, ambaye kwa vyovyote angenunua kwa jumla. Chupa nazo huisha kabla ya saa kumi jioni. Wateja nikiwauliza, wote huisifu bei ya dumu, kisha wananunua chupa. Nasikia iko elimu nzima inayohusu tabia za wanunuzi. Je, inaweza kunieleza jambo hili, au ni maneno ya darasani tu?

Mwalimu wa Biashara, Mbale

Ndugu mtengeneza sabuni, nusu ya jibu umeitoa mwenyewe uliposema kwamba wanasifu dumu na kununua chupa. Anayechunguza tabia za wanunuzi hutazama mkono kwanza, ndipo asikilize mdomo, kwa kuwa mtu akiulizwa na muuzaji mwenyewe hujibu kwa adabu. Hesabu yako ni ya lita, na hesabu ya mteja ni ya siku. Mwendesha bodaboda au muuza mboga hupata fedha zake jioni kwa jioni, na humo humo lazima kitoke chakula, mkaa, kodi ya nyumba na, shule zinapofunguliwa, karo. Shilingi 11,000 zikishaingia katika dumu hazitoki tena mtoto akishikwa na malaria usiku. Kwa hiyo zile 800 anazokuongezea kwa kila lita si ujinga. Anazilipa ili abaki na fedha mkononi. Isitoshe, wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha mwaka 1979 kwamba hasara humuuma mtu kuliko faida ya kiasi kilekile inavyomfurahisha. Sabuni yako mteja bado anaijaribu. Ikiwa mbaya, chupa moja huvumilika, lakini lita tano atakaa nazo mwezi mzima akijilaumu.

Tena neno "mteja" huficha watu kadhaa. Yupo anayeona kwamba sabuni imekwisha, yupo anayetoa fedha, yupo anayetumwa na yupo anayefua. Ubao wako unazungumza na mwenye fedha, na huenda anayesimama mbele yake ni mtoto. Kaa kibandani siku tatu bila kuuliza neno, uandike nani amekuja, saa ngapi, ameshika noti gani na amegusa nini kabla ya kulipa. Kazi ya masoko huanzia hapo. Tangazo ni la baadaye sana.

Mwenye Duka, Busia

Mwalimu amesema kweli, ila mimi ningeanza na chombo. Nina mwaka wa kumi na mbili katika duka la rejareja. Mafuta ya kupikia nayapima kwa kikombe, sukari kwa robo kilo, na sijaona mtu akiona haya kununua kidogo. Wenye viwanda walilijua hili zamani, ndiyo maana waragi, ile pombe kali ya kwetu, ilifungwa katika vifuko vidogo vya nailoni. Serikali ilipotaka kupunguza unywaji, mwaka 2019 ilivipiga marufuku vifuko hivyo, wala haikuikataza waragi ya chupa. Yaani kifungashio peke yake kilihesabiwa kuwa na nguvu ya kumnunulisha mtu.

Halafu wateja wangu huinamisha chupa waone sabuni inavyoteremka, wakiamini kwamba nzito ndiyo kali, ingawa wewe unajua kwamba uzito huo mara nyingi huletwa na chumvi. Sasa dumu lako, kama ni lile la njano, wataona nini ndani yake?

Wakala wa Fedha kwa Simu, Kampala

Naongeza onyo moja tu: usishawishike kupandisha bei ya chupa ili dumu lionekane rahisi. Julai 2018 ilipoanza kodi ya asilimia 1 kwenye miamala ya fedha kwa simu, aliyetuma shilingi 20,000 alikatwa 200, fedha isiyotosha hata chapati, lakini niliona watu wakirudia kubeba noti mifukoni. Baadaye kodi ilishushwa hadi asilimia 0.5, ikabaki kwa wanaotoa fedha peke yao, na bado wengine hawakurudi kwangu upesi. Bei ambayo mtu ameshaizoea ukiigusa, hapimi ukubwa wa nyongeza.

Mtengeneza Sabuni, Arua

Nashukuru sana. Nimekaa siku tatu na daftari. Kati ya wanunuzi 74, watoto waliotumwa walikuwa 31, na wengi wao walishika noti ya 2,000 wakiwa wameagizwa warudi na kiberiti kwa chenji. Dumu langu ni la njano kweli. Hakuna hata mmoja aliyeliinamisha. Jambo ambalo sikulitegemea nililisikia kwa mama mmoja aliyekuwa akimweleza mwenzake: sabuni ikiwa nyingi nyumbani, kila mtu huimimina kama maji na majirani huja kuomba, lakini ya chupa hulindwa. Kwake yeye dumu ndilo ghali.

Jumatatu nimeanza kumjazia kwa shilingi 1,200 anayerudi na chupa yake. Madumu ya njano nimemwachia mgeni wangu wa Ariwara, naye jana ameniuliza kama ninayo yanayoonyesha ndani.