Ngozi kwenye picha za sura inatoka kama plastiki, nafanyaje?

Wakuu, nachora sura za watu kwa kidole kwenye ibisPaint (app ya kuchorea), nimejifunza mwenyewe tu, mistari iko poa ila nikianza kupaka ngozi inakuwa kama plastiki hasa mashavuni, shida nini?

Jibu: Unafifisha kingo za vivuli kila sehemu mkuu. Kivuli cha chini ya pua kiache na ukingo mkali, shavu ndo lilainike. Halafu usitie giza kwa nyeusi tupu, sogeza rangi kidogo kwenye wekundu, ngozi inapata uhai kabisa yani.

Jibu: Kweli kabisa, na kivuli kikae kwenye leya yake (tabaka lake peke yake juu ya picha) ili ukikosea usiharibu ngozi. Pia geuza picha kama kwenye kioo, jicho lililopanda utaliona hapohapo.

Jibu: Zoom kidogo tu jamani, ukisogea sana unapoteza sura nzima.