Msaada: "is slept", "is sleeping" au "is asleep"? Ni kwa ripoti za zamu ya usiku

mwalimu_wa_zamu:
Wakuu, habari za jioni. Naandaa zoezi la Kiingereza kwa wanafunzi wa uuguzi wanaojifunza kuandika ripoti ya kukabidhiana zamu. Sentensi moja tu ya Kiswahili, "mgonjwa amelala tangu saa tatu", imezaa hizi:

1. The patient is slept since 9.
2. The patient has slept since 9.
3. The patient is sleeping since 9.
4. The patient slept at 9.

Ya kwanza najua si sahihi, ila nikiulizwa sababu nakwama. Nyingine zina shida gani? Na "asleep" inaingia wapi? Mifano ya wodini ndiyo itakayonifaa zaidi.

kalamu_nyekundu:
Mkuu, sentensi unayoitafuta ni hii: "The patient has been asleep since 9 p.m." Ukipenda kitenzi, "has been sleeping since 9 p.m."

Hali iliyoanza zamani na bado inaendelea, ukiitajia mwanzo wake kwa "since", Kiingereza kinadai "has been". Kwa hiyo namba 3 inaanguka hapo: "is sleeping" yenyewe ni nzuri, ila haikai na "since". Namba 2 haijavunja sarufi sana, lakini "has slept" inasomeka kama usingizi ambao mgonjwa ameshaupata. "He has slept for six hours" ni mtu aliyekwisha kulala saa sita, na pengine sasa yuko macho anakunywa uji.

Namba 4 utaisikia kila siku huku kwetu na kila mtu anaelewa. Tatizo lake ni kwamba "sleep" ni kitenzi cha muda, si cha tukio. Kinakwenda na "for six hours", "from 9 p.m. to 3 a.m.", "all night", "through the night". Ukitaka dakika ile usingizi ulipoingia, andika "fell asleep at 9 p.m." Kama unachokijua ni kwamba alipanda kitandani saa hiyo, andika "went to bed at 9 p.m.", bila "the" kabla ya "bed".

Tena wasiandike saa bila "a.m." au "p.m." Saa nane usiku ni 2 a.m., au 02:00 kwa mfumo wa saa 24. Mwanafunzi anayefikiri kwa Kiswahili na kuandika kwa haraka ataweka 8, na saa ya dawa inayofuata itahesabiwa kutoka kwenye namba hiyo.

nahau_za_pwani:
Kuhusu namba 1, chanzo kiko kwenye "-me-" yetu. Amechoka, amekaa, amesimama, amelala: kwetu zote zinaeleza hali aliyomo mtu sasa hivi. Mwanafunzi amefundishwa "amechoka" ni "he is tired", akaona "tired" inafanana na umbo la tatu la kitenzi, basi "amelala" naye akaitengenezea "he is slept". Kwa mantiki yake yuko sawa kabisa. Lakini "tire" ni kitenzi kinachoweza kumchosha mtu mwingine, ndiyo maana kikazaa kivumishi "tired". "Sleep" hakimlazi mtu, hivyo "slept" haigeuki kuwa sifa ya aliyelala. Nafasi hiyo inajazwa na "asleep". Wapange pamoja: is tired, is sitting, is standing, is asleep.

Kuna mahali pamoja "slept" inakubali kutendwa, pakiwa na "in": "The bed has not been slept in", yaani kitanda hakijalaliwa. Kwa wodi hiyo ni sentensi ya maana sana, inaashiria mgonjwa hayupo.

daftari_la_kijani:
Naongeza juu ya "asleep". Haikai kabla ya nomino: "a sleeping child" ndiyo, "an asleep child" hapana. Asili yake ni maneno mawili ya Kiingereza cha kale, "on" na "sleep", yaliyogandana. "Alive" nayo ilikuwa "on life". Ndani yake bado kuna kihusishi, kama vile unasema "usingizini", na huwezi kusema "mtoto yuko usingizini" ukageuza "usingizini mtoto".

Kwa sababu hiyohiyo "very asleep" haiendi. Aliyelala fofofo ni "fast asleep" au "sound asleep", na "fast" hapo ni ya zamani, maana yake imara, haihusiani na kasi. Aliye nusu macho ni "half asleep". Ukitaka kueleza alilala vipi, rudi kwenye kitenzi: "slept well", "slept badly", "slept on and off" kwa usingizi wa mang'amung'amu.

mwalimu_wa_zamu:
Asanteni sana, hiyo ya "tired" imenifungua. Mbili za nyongeza: wengi wanaandika "felt asleep". Na "amelala sakafuni" niitafsiri vipi?

kalamu_nyekundu:
"Felt" ni ya "feel, felt, felt". Anayehitajika ni "fall, fell, fallen". Waandike sentensi moja yenye vyote viwili wavione vikiwa jirani: "She felt sleepy at 8 p.m. and fell asleep at 9 p.m." "Sleepy" ni mwenye usingizi, bado yuko macho. Ikiwa usingizi unaletwa na dawa, neno la wodini ni "drowsy".

zamu_ya_alfajiri:
Hiyo ya sakafuni ndiyo ya hatari kuliko zote mlizozungumza, na ningeiweka mwanzo wa zoezi. Kulala kwetu kunabeba mambo mawili: usingizi, na mwili kujinyoosha. Kiingereza kinayatenga. "The patient was found sleeping on the floor" ni mtu aliyeteremka akatandika shuka. "The patient was found lying on the floor" inamfanya daktari aulize kama ameanguka, kama amegonga kichwa. "Alikutwa amelala sakafuni" haisemi ni ipi, kwa hiyo mwandishi lazima aamue alichokiona kabla hajashika kalamu.

Amelala chali ni "lying on his back", kifudifudi "lying face down", ubavu "lying on her side". Kitenzi hiki kina mtego: "lie, lay, lain, lying". Usichanganye na "lay, laid, laid, laying", ambacho ni kulaza kitu. "Lied" ni alidanganya, usiiandike kwenye faili la mtu.

Kulazwa nako ni kisa. "Amelazwa tangu Jumatatu" si "slept" wala "laid", ni "has been in hospital since Monday". Ukitaja siku ya kupokelewa, "was admitted on Monday".

Halafu ndugu anayekesha na mgonjwa. "Her sister slept with her" hapana jamani! "Sleep with" kwa Kiingereza ni tendo la ndoa. Andika "Her sister stayed with her overnight".

Na "put to sleep" iepukwe kwa binadamu. Nusu kaputi ni "under general anaesthesia", aliyepewa dawa ya kumtuliza ni "sedated". Mbwa aliye mgonjwa mahututi ndiye anayekuwa "put to sleep", na haamki.

nahau_za_pwani:
Hapo kwa mbwa umemaliza 😂 Ila mzazi akisema "I put the baby to sleep", yaani nimembembeleza akalala, ni Kiingereza safi. Neno lilelile, muktadha tofauti.

zamu_ya_alfajiri:
Kweli kabisa, kwa watoto sina ugomvi.

La mwisho upande wangu: macho yaliyofumba si ushahidi wa usingizi. Muuguzi aandike alichokiona. "Appeared to sleep well" ni salama kuliko "slept well", maana asubuhi mgonjwa anaweza kusema hakupata hata lepe. Na kama kuna wasiwasi wa fahamu, "asleep" peke yake haitoshi. "Asleep, easily roused, breathing regular" inamwambia anayepokea zamu kwamba mtu aliitwa, akaitika, akarudi kulala. Ambaye haamki ukimwita na kumgusa usimwite "fast asleep", ita daktari.

daftari_la_kijani:
Weka na hizi, nazo zinavurugwa: "slept late" maana yake alichelewa kuamka. Aliyechelewa kulala ni "stayed up late". Aliyepitiwa na usingizi akachelewa kazini "overslept". Aliyesinzia kwenye kiti bila kukusudia "dozed off". Mguu ukifa ganzi, "my leg has gone to sleep", na mgonjwa akikwambia hivyo usimwandikie usingizi.

mwalimu_wa_zamu:
Nashukuru mno wakuu. Kwa hiyo wakimsalimia mgonjwa asubuhi ni "Did you slept well?"

kalamu_nyekundu:
"Did you sleep well?" Ukishaweka "did", wakati uliopita umeubeba humo, kitenzi kinabaki kitupu. "Slept" itarudi kwenye jibu: "I slept a little."