Tabo ya Hilux

Kikundi: WANA WA KONDE 🌿 (wanachama 23)

Ijumaa

14:07 Riziki: Assalaam alaykum. Naandika mara ya pili, ya asubuhi alijibu mtu mmoja na alijibu kwa kidole gumba. Gari ya Babu imekufa tabo (Hamad anasema ni feni ya kusukumia hewa ndani ya injini) jana usiku. Magunia sita ya karafuu yashakauka, yamejaa ukumbini hata pa kuswalia hapana. Kesho wachumaji wanaingia shamba la bondeni na wanataka pishi zao zilipwe jioni ile ile. Karafuu zisipofika kituoni hapana pesa ya kuwalipa. Kila mmoja aseme anatoa ngapi. Mimi 50,000.

14:31 Makame: Tabo, taabu. Jina lenyewe lilishasema 😂

14:32 Riziki: Makame umechangia mzaha. Ahsante. Sasa changia pesa.

15:02 Suleiman Dar: Waalaykum salaam. Kwanza niambiwe imekufaje. Ililia kabla au ilitoa moshi kabla? Ajibu Hamad mwenyewe.

15:03 Riziki: Hamad kashasoma tangu saa nane.

15:40 Hamad: Ami Suleiman shikamoo. Ilikuwa inapiga mluzi wiki mbili hivi, mluzi mwembamba, nikadhani paipu imeachia. Jana tunatoka Wete na mchele ikazomea kama king'ora, mara nguvu hamna, nyuma moshi wa buluu barabara haionekani. Nikazima. Haikuzima.

15:41 Makame: Haikuzima vipi?

15:43 Hamad: Ufunguo nnao mkononi, nshauchomoa, na injini inazidi kupanda mbio peke yake.

15:50 Shangazi Mgeni: Mie nilikuwemo nyuma juu ya magunia. Niliruka. Kanga moja ikabaki kwenye ndoano ya bodi, pea ya Idi ile. Alokwenda njia ile aniangalizie.

15:51 Makame: Shangazi uliruka?! Na goti lile?

15:52 Shangazi Mgeni: Goti lilipona palepale.

15:58 Suleiman Dar: Mzaha baadaye. Hamad, gari ilikuwa inakunywa oili yake yenyewe. Tabo ikishaharibika ndani, oili inavuja inaingia njia ya hewa, na dizeli haina plagi za moto za kuzimwa, ikipata kitu cha kuungua inakiunguza. Ufunguo unakata mafuta ya pampu. Oili haukati. Uliisimamisha vipi?

16:04 Hamad: Gia ya nne, breki mpaka chini, nikaachia klachi kwa ghafla. Ikakata.

16:05 Suleiman Dar: Hapo umefanya la maana. Vyenginevyo ni kuziba mdomo wa hewa, na uzibe kwa ubao, usizibe kwa mkono. Umeshaifungua? Feni imekaaje?

16:11 Hamad: Shafti inacheza juu na chini. Feni imekwaruza nyumba yake. Mbawa mbili hazipo.

16:11 Suleiman Dar: Hazipo zimekwenda wapi?

16:13 Riziki: Jamani mimi nimeomba pesa, sikuomba habari za mbawa. Orodha mpaka sasa: Riziki 50,000. Basi. Watu ishirini na tatu.

16:14 Makame: Mbawa ziliruka na Shangazi 😂😂

16:16 Time: 😂

16:20 Shangazi Mgeni: Time unacheka na wali umo jikoni unaungua.

16:25 Suleiman Dar: Hamad. Mbawa mbili. Ziko wapi? Kama zimemezwa zikaingia silinda, tabo mpya haitasaidia kitu.

17:48 Hamad: Moja nimeiona ndani ya paipu. Ya pili sijaiona.

17:49 Suleiman Dar: Basi usiwashe. Hata mara moja. Ipimwe kompresheni kwanza, yaani inavyobana hewa, silinda moja moja.

17:55 Riziki: Kwani mie nauliza. Babu aliponunua Hilux ile ilikuwa na tabo? Mbona sikumbuki tabo.

18:20 Makame: Mmh.

18:34 Hamad: Haikuwa nayo. Injini ile ya 3L haina tabo kiwandani. Ikipanda mlima na magunia kumi ilikuwa inapitwa na baiskeli. Nikaifunga tabo ya CT20, ile ya kwenye injini ya 2L-T, na pampu ya dizeli nikaongeza skrubu kidogo ili mafuta yazidi. Mbona nyote mlipanda mkaisifu? Shangazi Riziki ulisema sasa imekuwa ndege.

18:35 Riziki: Nilisema ndege kwa kuogopa.

18:41 Suleiman Dar: Skrubu kidogo kiasi gani? Na kile kivalvu cha pembeni cha kupunguza presha?

18:59 Hamad: Nilikifunga waya.

19:00 Suleiman Dar: Ya Rabbi.

19:09 Suleiman Dar: Nisikilizeni, hasa wewe Hamad. Injini yako inazunguka elfu nne kwa dakika ukiikamua sana. Shafti ya tabo inapita laki moja kwa dakika. Haikai juu ya chuma, inaelea juu ya utando wa oili tu. Utando ukikatika sekunde chache, kwisha. Wewe umefunga kivalvu, kwa hiyo moshi wote unapita kwenye tabo unaisukuma kupita kiasi chake. Oili uliivuta kwa bomba gani?

19:15 Hamad: Bomba la breki.

19:15 Suleiman Dar: Lililokunjwa?

19:22 Hamad: Limekunjwa mahali pamoja. Kidogo.

19:30 Suleiman Dar: Basi hujafiwa na tabo. Umeiua. Sawa, tufanye hivi. Huku Kariakoo, ya mtumba naweza kuipata kwa laki nne na nusu, niishike mwenyewe, niichezeshe shafti kabla ya kulipa. Juu yake bomba jipya la oili, oili na filta mpya, na mabomba yote ya hewa yaoshwe, maana yamejaa oili na ikibaki humo injini itainywa tena. Ukifunga mpya kwenye uchafu wa ile ya zamani, inakufa wiki hiyo hiyo. Nitumieni pesa, kesho naingia dukani, Jumapili inapanda boti.

19:33 Shangazi Mgeni: Zipite kwako tena?

19:34 Suleiman Dar: Tena maana yake nini, dada?

19:38 Shangazi Mgeni: Mashine ya boti. Bangili zangu mbili zimo ndani ya mashine ya boti mpaka leo.

19:40 Suleiman Dar: Yale yalikwisha mbele ya marehemu kaka.

19:41 Shangazi Mgeni: Kwako yalikwisha. Mkono wangu mtupu.

19:44 Makame: Haya, mie natoa 20,000 tubadilishe mazungumzo.

19:44 Riziki: Riziki 50,000. Makame 20,000. Nani tena?

20:52 Khatib Maskati: Waalaykum salaam. Nilikuwa kazini. Nimesoma juu juu. Nani alikufa?

20:53 Makame: Tabo.

20:55 Khatib Maskati: Inna lillahi. Tabo yupi, wa Micheweni?

20:56 Makame: 😂😂😂 nimekaa chini

21:01 Riziki: Khatib, ni kidude cha gari. Unatoa ngapi?

21:02 Khatib Maskati: Ah. Tutazungumza mwisho wa mwezi inshallah.

21:17 Time: 🎤 Ujumbe wa sauti (2:46)

21:19 Riziki: Time, hapa kwangu intaneti haivuti. Andika.

21:36 Time: Ni Babu. Kasema niandike kama alivyosema, nisipunguze. Anasema:

"Gari ile ni yangu. Imenipeleka Mkoani na kunirudisha miaka yote haikupiga mluzi. Nilikwenda mjini kutibiwa, niliporudi nikaikuta inapumua kama mwenye pumu. Sikusema kitu, nikasema vijana. Hata mashine ya jahazi ukifika bandarini huizimi palepale, huiacha ipumue dakika moja mbili ndipo uizime. Hamad anafika mbio na anazima mbio, namsikia kutoka kitandani. Ng'ombe wa gari hatiwi mchezoni. Hiyo tabo itolewe. Gari irudi nilivyoinunua. Pesa zisipite mkono wa mtu, ziende dukani kwa fundi, na risiti aletewe Mgeni. Na mashine ya boti isitajwe tena na mimi ningali hai."

22:44 Suleiman Dar: Nimesikia baba. Shikamoo.

22:45 Shangazi Mgeni: Nimesikia.

22:50 Hamad: Nimesikia Babu. Unisamehe.

Jumamosi

06:12 Riziki: Sabahal kheri. Babu keshasema. Hamad, kuitoa ni siku ngapi?

06:40 Suleiman Dar: Kuitoa si kazi kubwa. Irudi manifodi ya zamani ya eksozi, lile chuma la kutolea moshi kwenye injini, tundu la oili lizibwe vizuri na lile la kurudishia oili lizibwe, skrubu ya pampu irudishwe ilipokuwa, la sivyo itatoa moshi mweusi Konde nzima. Kompresheni ipimwe vilevile. Manifodi ya zamani si unayo?

07:30 Riziki: Hamad?

08:15 Riziki: Hamad wachumaji wameshaingia shamba. Jibu.

08:21 Hamad: Ilikuwepo.

08:22 Riziki: Ilikuwepo ndiyo nini? Uliiuza kwa wa vyuma chakavu?

08:25 Shangazi Mgeni: Ile chuma ya matundu manne? Mwaka wa pili huu inazuia mlango wa banda langu la kuku.

08:26 Makame: Kuku wameokoa ukoo. Hapa sisemi kitu 🐔

08:31 Riziki: Time nenda kaitoe, piga picha.

08:58 Time: 📷

08:59 Time: Nimeifuta. Ina mavi ya kuku kidogo. Ndiyo hii?

09:14 Suleiman Dar: Ndiyo. Lakini hebu piga karibu, hapo mwisho pa bolti. Sikio moja limekatika.

09:20 Time: 📷

09:33 Hamad: Limekatika kweli. Chuma cha kalibu hicho, si kila fundi anakichomea. Ukikosea kinapasuka mbele zaidi.

09:35 Riziki: Nani anakichomea Wete?

09:41 Hamad: Yupo mmoja. Simu yake haipatikani leo. Nitamfuata baada ya Laasiri.

09:42 Suleiman Dar: Na mbawa ya pili?

09:50 Riziki: Kwa leo nimempata kijana wa gari ndogo ya keri, anataka 30,000 kuyafikisha magunia kituoni. Nimemwambia 20,000, kanyamaza. Ile pesa ya Makame inakwenda huko.

09:51 Makame: Sijaituma bado, Shangazi.

09:52 Riziki: Na habari ya sikio Babu asiambiwe.

09:53 Time: Shangazi simu ninayoandikia ndiyo yake. Ameshasoma.

10:30 Khatib Maskati: Mniandike 40,000. Ila mwisho wa mwezi.