Yule bwana wa suti ya kaki eti "jimbo lenu bado linanyonya". Leo halali mtu!

Binti_wa_Bonde:

Wakuu, salamu leo sina. Mikono bado inatetemeka, herufi zikiruka mnivumilie.

Yule bwana wa suti ya kaki. Jina simtaji na wala sina haja, huku Dar kuanzia Banana mpaka Msongola hakuna asiyemjua. Yule yule mshika kipaza sauti wa kila kikao, kila msiba, kila uzinduzi wa choo. Hajachaguliwa na mtu, hajateuliwa na mtu, ila ukifika mahali yeye ndiye wa kwanza kukuuliza umekuja kama nani.

Leo jioni kulikuwa na kikao cha barabara na kivuko. Nimekaa nyuma, nimetulia na mtandio wangu. Wanaume wameongea mpaka kuku wamekwenda kulala. Nikanyoosha mkono, nikauliza kwa adabu zote: kile kivuko cha bondeni, ambacho masika tunavuka tumebeba watoto mabegani, kinajengwa lini? Bwana akanitazama juu mpaka chini. Akauliza natokea upande gani. Nikamwambia. Akacheka KWENYE KIPAZA SAUTI, kisha akasema: "Bibie, kaa chini. Wewe ni wa Kivule. Jimbo lenu bado linanyonya."

Linanyonya!

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Muuza maandazi kacheka. Mume wangu, niliyekwenda naye mwenyewe kwa miguu yangu, kacheka halafu akajifanya anakohoa. Hata spika ikatoa mlio, naapa ilikuwa inacheka.

Haya, Tume ya Uchaguzi imetangaza majimbo mapya manane ya ubunge hii Mei 12, 2025, Kivule imo, imemegwa kutoka Ukonga. Jimbo ni jipya, nakubali. MIMI ni mpya? Nimepiga kura Ukonga tangu Segerea haijawa jimbo. Ule uchaguzi mdogo wa 2018, mbunge alipohama chama tukaambiwa turudi tena vituoni, nilisimama foleni na jua lile. Yeye kahamia juzi na godoro la kuazima. Mpaka umenipita kichwani nimekaa sebuleni kwangu, sijahamisha hata kijiko!

Na hilo jimbo jipya linaanza kazi na uchaguzi wa Oktoba 2025. Leo hii, Mei 2025, Bunge halijavunjwa. Mpaka dakika hii mbunge wangu mimi na mbunge wake yeye ni mmoja. Sasa nani kamfanya afisa uhamiaji wa bondeni?

Linanyonya. Mbele ya mama mkwe. Ndiyo, alikuwepo, sikutaka kulisema hilo.

Kiroboto_wa_Kata:

Nimesoma mpaka mwisho natafuta alipokosea huyo bwana. Bado natafuta.

Fremu_ya_11:

Suti ya kaki yenye kalamu tatu mfukoni? HUYO! Msiba wa jirani yetu alimtoa mfiwa kwenye kiti akamkalisha mgeni rasmi. Msiba una mgeni rasmi jamani?

Tabata_Dampo:

Dada acha kulia, hongera. Kuanzia sasa ukitaja unakokaa hakuna atakayekuuliza umetoka lini gereza la Ukonga. Sisi tuliachana na Ukonga 2010 kwa shangwe, tukaitwa Segerea, nako kuna gereza. Tumetoka gereza moja tumeingia jingine.

Kiroboto_wa_Kata:

Hahahaha, na mbunge wa Ukonga mkahama naye. Mahanga alikuwa Ukonga, 2010 mlipomegwa akagombea Segerea. Nyie mlihama na vyombo kabisa.

Ibara_ya_75:

Mleta uzi ana hasira lakini hana hoja, nimsaidie. Katiba Ibara ya 75 inaitaka Tume ichunguze mgawanyo wa majimbo angalau kila baada ya miaka kumi. Mara ya mwisho ilikuwa 2015, kwa hiyo 2025 ilikuwa lazima. Maombi yamepita halmashauri, yakapita kamati ya ushauri ya wilaya, yakapita ya mkoa, ndipo Tume. Mjini kigezo kilikuwa watu kuanzia 600,000, vijijini 400,000. Kata moja haiwezi kukaa majimbo mawili, na jimbo moja haliwezi kukaa halmashauri mbili. Wanaangalia pia uwezo wa ukumbi wa Bunge. Tumetoka majimbo 264, sasa ni 272: Bara 222, Zanzibar 50. Huyo bwana hana mamlaka ya kutafsiri mipaka ya jimbo lolote.

Binti_wa_Bonde:

Asante mkuu!! Mwambieni! Hana mamlaka! LINANYONYA, mbele ya mama mkwe!

Ibara_ya_75:

Ila kiumri, jimbo lina siku chache. Kunyonya si tusi.

Binti_wa_Bonde:

Nakurudisha kundi la wabaya.

Nyasi_za_Goba:

Ngojeni, kumbe watu mnalilia kuchekwa? Sisi Ubungo na Kibamba tuseme nini? Sensa ya 2022 wilaya ya Ubungo ina watu 1,086,912. Majimbo mawili, na mwaka huu hatukupata hata punje. Ilala watu 1,649,912, sasa mna manne. Mnanyonya na bado mnalalamika ziwa.

Feri_Asubuhi:

Ubungo mlishamegwa 2015 mkapewa Kibamba, tulieni. Mbunge wenu Mnyika akavukia Kibamba, Kubenea akachukua Ubungo, mkawa na wabunge wawili wa kelele kwa bei ya mmoja.

Nyasi_za_Goba:

Kigamboni usiongee. Mko 317,902 wilaya nzima na mna mbunge wenu mzima, hamgawani na mtu. Mkipanda pantoni wote mnafika Bungeni.

Feri_Asubuhi:

Ni wilaya na halmashauri yake, jimbo halivuki halmashauri, kasome bandiko la ndugu Ibara. Na pantoni ikiharibika tunakaa wote 317,902 upande mmoja, mbona huji kulilia hilo?

Mzee_wa_Reli:

Wanangu, mnapigania mipaka ya mitaro. Mwaka 1965 majimbo ya kuchagua yalikuwa 107 kwa Tanganyika yote. Chama kimoja, wagombea wawili, mmoja anapewa alama ya jembe, mwingine nyumba. Baba yangu alipigia jembe kwa sababu nyumba alikuwa nayo. Jina la jimbo hakulijua mpaka anakufa na hakuna aliyemwambia akae chini.

Kiroboto_wa_Kata:

Shikamoo mzee. Na nyumba ilishinda?

Mzee_wa_Reli:

Marahaba. Nyumba ilishinda. Hakuisamehe.

Dhahabu_Tupu:

Sisi Geita mnatuacha nyuma kama kawaida, uzi mzima Dar Dar Dar. Katoro tumekuwa chini ya Busanda miaka yote. Nenda popote Kanda ya Ziwa utaje Katoro, mfanyabiashara anakuonyesha na gari la kupanda. Taja Busanda, anakuuliza ni dawa ya nini. Leo Katoro ni jimbo, Chato nayo imezaa Chato Kusini. Hatujaletewa uzi na mtu tukipata, ila akichekwa mama mmoja Kivule nchi isimame!

Binti_wa_Bonde:

Mama mmoja?? Kaka, angalia maneno yako. Nimeketishwa chini kama mtoto, na kipaza sauti ni cha kukodi kwa michango YETU, mimi nimechanga.

Fremu_ya_11:

Umechanga shilingi ngapi?

Binti_wa_Bonde:

Hilo si la uzi huu.

Karafuu_Kavu:

Nauliza tu kwa upole: Dar mna watu 5,383,728 na majimbo yamefika 12 baada ya nyongeza. Sisi visiwani 1,889,773 na tuna 50. Kivule njooni tuwape moja, tunayo mengi.

Nyasi_za_Goba:

50??? Piga hesabu, ni kama watu 37,800 kwa mbunge mmoja! Mtaa wangu huku Goba peke yake ungetoa spika!

Ibara_ya_75:

Mazingira ya Muungano ni kigezo kinachotambulika. Tusipeleke uzi huko.

Nyasi_za_Goba:

Uzi umeshafika, umeshuka, unatafuta bodaboda.

Msimamizi:

Mabandiko kadhaa yameondolewa. Mjadala wa Muungano una uzi wake. Rudini kwenye mada.

Kiroboto_wa_Kata:

Mada ilikuwa nini?

Binti_wa_Bonde:

MIMI! Mada ni mimi na yule bwana wa suti ya kaki! Nimemwona asubuhi hii dukani, ananisalimia "habari za mtoto". Mtoto! Nina watoto watatu na hakumaanisha hata mmoja wao!

Tabata_Dampo:

Hahahaha huyu bwana apewe ugombea.

Fremu_ya_11:

Usimpe wazo. Mwezi huu kashona suti ya pili, nyeusi. Mnadhani ya nini?

Mbande_Mwisho:

Kwa kuwa mmeanza. Sisi Chamazi tumetengwa na Mbagala na wala hatulii, tumechinja. Temeke nzima, watu 1,346,674, ilikuwa na majimbo mawili. Afadhali tumepumua. Na uwanja wa Azam uko kwetu, kuanzia leo ni uwanja wa JIMBO LA CHAMAZI, Mbagala msiseme tena "uwanja wetu".

Kijichi_Boy:

Uwanja mmeupata kwa kuchorewa mstari, hamkujenga hata ngazi moja. Tumewalea, tumewapitisha kwenye barabara yetu, leo mnatufungia geti?

Mbande_Mwisho:

Barabara ya Kilwa nayo ni yenu? Ilianza Mbagala ikaishia Mbagala? Kilwa watu wanakuja kwa ungo?

Kijichi_Boy:

Geti la uwanja ni lenu, foleni ni yetu. Siku ya mechi tutaona nani anamhitaji mwenzake.

Feri_Asubuhi:

Mbagala nyie enzi zile mlikuwa mkilia mnataka jimbo lenu. Mkapewa 2015. Leo mwenzenu kapewa lake, mnanuna.

Kijichi_Boy:

Hatununi. Tunataka uwanja.

Dhahabu_Tupu:

Katoro tutajenga wa kwetu. Nyasi halisi.

Binti_wa_Bonde:

Kwa hiyo hakuna hata mmoja atakayeniandikia barua ya kumjibu? Ibara?

Ibara_ya_75:

Barua kwa nani? Hana ofisi.

Tabata_Dampo:

Wakuu, kwa anayejua, mechi ya Chamazi kesho ni saa kumi au saa moja usiku?

Mbande_Mwisho:

Saa moja. Ila ukitokea Segerea anza kutoka saa tisa, na ukifika Mbagala usiseme unakwenda wapi.