Riley wa Vice-versa: nani mwingine aliombwa asilie?

Mkubwa wa Buhene (Goma)
Habari zenu. Wadogo zangu waliweka Vice-versa (Inside Out), ile filamu ya Pixar ya 2015 ya msichana Riley na hisia zinazoishi kichwani mwake kama watu, kwa Kifaransa. Wao walimcheka Colère, yaani Hasira, anayewaka moto kichwani. Mimi nilikwama pale mama yake Riley anapoingia chumbani usiku. Wamehama Minnesota, wako San Francisco, gari la vitu halijafika, baba anahangaika na kazi. Mama hamkaripii. Anamshukuru kwa kubaki na furaha, halafu anamwomba waendelee kutabasamu wote wawili ili wamsaidie baba. Mtoto atakataaje?

Volkano ya Nyiragongo ya tarehe 22 Mei 2021 ilichukua nyumba yetu. Tulipopata boti ya kwenda Bukavu, mama alinivuta pembeni bandarini: "Wewe ndiye mkubwa. Wadogo wakikuona unalia, nitawatuliza namna gani?" Nikambeba wa mwisho mgongoni, nikawaimbia njia nzima. Tangu hapo nasifiwa kuwa nina roho ngumu. Kwenye matanga ya bibi nilipika, nikapokea wageni, nikapanga viti. Sasa nataka kulia na machozi hayatoki. Kifua kinakaza, na asubuhi taya zinauma kwa kusaga meno usiku.

Ile meza ya kuongozea kichwani mwa Riley inageuka kijivu, Colère na wenzake wanabonyeza bure. Niko hapo. Nani alifika hapo akatoka? Na mama nimwambie nini? Yeye naye alikuwa anaogopa.

Mama wa Kadutu
Pole sana, binti yangu. Usimpelekee mama mashitaka. Mngoje mkiwa mnachambua sombe, mikono ina kazi, umsimulie ile siku ya boti ilivyokuwa kwako. Machozi yasipokuja, wewe sema tu.

Mwanafunzi wa Ndosho
Yaya, mimi naona kujikaza kwako kuliwavusha wadogo. Riley ana miaka 11 na hana mdogo hata mmoja. Hamlingani.

Fundi wa Himbi
Rudia sehemu ya Bing Bong, yule rafiki wa kubuni wa Riley. Kigari chake kimetupwa shimoni, Joie (Furaha) anamtekenya na kumfanyia vichekesho, hapati kitu. Tristesse (Huzuni) anakaa karibu naye, anamwacha aeleze alichopoteza. Bing Bong analia machozi ya pipi, kisha anasimama mwenyewe, safari inaendelea. Tafuta mtu wa kukaa nawe hivyo. Na hicho kifua usikizoee: pita kituo cha afya, uliza kama wana msaikolojia.

Mkubwa wa Buhene
Asante mama, nitaanzia kwenye boti. Asante kaka, kituo nitapita wiki hii. Mdogo wangu wa Ndosho, ni kweli, Riley hana wadogo, na kama ingekuwa leo ningewaimbia tena. Lakini ziwa tulishavuka. Wadogo sasa wananipita urefu, na bado kila msiba ukitokea ni mimi ninayeitwa kupanga viti.